Kocha Aliyezika Kunde

Ukisikia mlango unagongwa kabla chai haijachemka, na anayegonga anaingia bila kungoja karibu, ujue ni Kocha, na mkononi ana mzizi. Salamu hakuwa nazo asubuhi. Alikwenda moja kwa moja dirishani penye mwanga, akaupangusa mzizi kwa leso yangu, si yake, halafu akachagua kinundu kimoja kati ya vile vidogo vilivyoganda kwenye mzizi kama kupe, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ona rangi, Mama Nafula. Ona vizuri."

Ndani kilikuwa chekundu, wekundu laini kama ufizi wa mtoto.

"Huyu anafanya kazi," alikuwa akisema. "Haya, nipe chai."

Tulimwita Kocha kwa sababu alikuwa amefundisha netiboli sehemu kubwa ya maisha yake, timu ya wanawake wafanyakazi iliyokuwa ikicheza viwanja vyote vya Eastlands, mashariki ya jiji. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, na magoti yaliyokuwa yamemaliza kazi yake mapema. Nilipoolewa nikaletwa mtaa wa Kaloleni, tayari jina hilo lilikuwa limemkaa. Hata mchungaji alimwita hivyo akimpa meza ya Bwana. Alipostaafu, timu ikabaki kwa wengine, na yeye akawa mtu mwenye sauti kubwa asiye na wa kumpigia kelele. Ndipo akatugeukia sisi.

Sisi tulikuwa wanawake wachache tuliolima kile kipande kilichoko kati ya nyumba zetu na reli. Hakikuwa cha mtu. Kila mmoja alikuwa na mistari yake, na mipaka tuliijua kwa macho. Ni udongo ule mweusi, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Tulipanda mahindi. Waliotutangulia walipanda mahindi. Yalikuwa yakifika urefu wa goti yanaanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini, na ukivuna unapata gunzi lenye punje za hapa na pale kama kinywa cha ajuza. Tulisema ni mvua. Mwaka uliofuata tulisema ni mbegu.

Kwangu mistari ile haikuwa mchezo. Kiwanda cha biskuti kilikuwa kimenipunguza kazini pamoja na wengine wengi, na mshahara wa Baba Nafula, fundi wa karakana, ulikuwa unakata roho katikati ya mwezi. Nilihitaji mahindi yale yazae.

Kocha alisimama pembeni mwa shamba msimu mmoja mzima, mikono kiunoni, akitutazama kama anayetazama timu inayofungwa. Kisha siku moja akaingia kati ya mistari.

"Mahindi ni mfungaji," akatuambia. "Kila mtu anamshangilia mfungaji. Lakini nani anampa mpira? Hapa kila mwaka mnaweka mfungaji peke yake uwanjani, halafu mnamlaumu hafungi. Atafunga na nini?"

Waliotoa pasi, kwa hesabu yake, walikuwa kunde, maharagwe, zile fiwi nyeusi ziitwazo njahi, na zaidi ya wote ile mboga chungu yenye maua ya njano ambayo Waluhya tunaiita miroo, Wajaluo mitoo, na kwenye vitabu vya kilimo inaitwa marejea. Mimea hii, alisema, inaokota chakula hewani na kukiweka ardhini kwa njia ya vile vinundu vya mizizini. Nusu ya maneno haya aliyapata kwenye mafunzo ya siku moja yaliyofanyika kanisani, nusu nyingine aliyapata kwa kuona wazee wake wakilima, na mahali nusu hizo mbili hazikukutana alipaziba kwa sauti.

Lazima niseme pia kwamba Kocha hakuwa akila miroo. Alituhubiria tuipende, alitugawia mbegu kwenye vikaratasi, alitufundisha kuichanganya na maziwa ili uchungu upungue. Yeye mwenyewe jioni ungemkuta kwenye kibanda cha kona akinunua viazi vya kukaanga. Nilimuuliza. Akaniambia kocha hachezi.

Na aliogopa nyungunyungu. Mtu aliyeshinda na mikono udongoni, akiona mmoja anarudi nyuma hatua nzima na kuniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakulitumia wakati mwingine wowote. Ardhi ilipoanza kupona nyungunyungu waliongezeka, na hapo alipata tabu kwelikweli, kwa sababu alijua ni dalili njema. Alikuwa akisimama mbali na kunielekeza kwa kidole. "Mrudishe ndani polepole. Usimuumize. Ni wetu huyo. Mwondoe tu hapa nilipo."

Kanisani, Jumapili ya mavuno, watu wakileta kuku na mikungu ya ndizi mbele, yeye alipeleka mche mmoja wa kunde na mizizi yake yote, udongo ukidondoka kwenye zulia la madhabahu. Mchungaji alisita. Kocha akamshika mkono, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Mpaka leo wapo wanaokumbuka mahubiri yale yalivyochelewa kuanza, kwa kuwa mchungaji naye alitaka kupasua kingine.

Lakini mwanzoni hakukuwa na cha kupasua. Miroo ya kwanza aliyotupandisha ilitoka nyembamba, rangi ya ndimu. Kocha aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa mitupu kama uzi. Akang'oa mwingine, na mwingine. Kisha akaketi chini palepale katikati ya mistari, jambo ambalo magoti yake hayakuruhusu, ikabidi tumwinue. Siku hiyo hakunywa chai kwa mtu.

Kesho yake hatukumwona. Ilipita kama wiki. Asubuhi moja akaonekana akiingia mtaani nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na gunia. Tulitoka nje kwa adabu, maana mtu akitoka nyumbani kijijini huwa na viazi vitamu au ndizi kidogo kwa kila mlango. Kocha akafungua kamba, akaingiza mkono, akatoa udongo.

"Nimekuja na wachezaji," akasema. Uso wake uling'aa kwa furaha.

Hakuna aliyecheka. Mama Zamzam, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na duka la leso kule Eastleigh na ulimi usioyumba, ndiye aliyeuliza.

"Udongo huo umeutoa wapi?"

"Kwa dada yangu, Butere. Shamba ambalo miroo inaota tangu tuko wadogo."

"Na unataka kuumwaga hapa? Mahali tunapolima chakula cha watoto?"

"Ndiyo. Kidogo kidogo, kwenye mistari."

Mama Zamzam akakunja leso yake mabegani, akaingia ndani. Kabla ya jua kutua mtaa wote ulikuwa na habari kwamba Kocha ameleta udongo wa kaburi. Aliyekuwa na mtoto mwenye kikohozi akakumbuka kilianza lini. Baba Nafula, ambaye si mtu wa maneno, aliniambia tukiwa mezani, "Punguza mazoea na yule mama." Nilimjibu kwamba sitapunguza, lakini nilipoosha vyombo nilivisugua vikombe mara mbili. Kila siku mwanamke yule alikuwa akinywa chai kwenye vikombe vyangu.

Jumapili iliyofuata wenye mistari walimwita nje ya ukumbi wa mtaa. Walitaka aondoe gunia na aondoke shambani. Nilimjua Kocha kwa kelele zake, nikajiandaa kuzisikia. Alikaa akasikiliza mpaka wa mwisho akamaliza.

"Ndani ya udongo kuna vijidudu vidogo sana," akasema kwa sauti ya kawaida. "Macho hayavioni. Vinaingia kwenye mzizi wa miroo, vinajenga kile kinundu, na humo ndimo hewa inageuzwa chakula. Ardhi yetu hii naona haina vya miroo, au vimebaki vichache mno. Nimevifuata. Hayo tu."

"Maneno," akasema Mama Zamzam. "Hata mganga ana maneno."

"Una mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, mitupu?"

"Ninayo."

"Ijaze udongo wa hapa yote miwili. Mmoja utie konzi moja ya udongo wangu. Mbegu nitakupa, panda wewe. Weka dirishani kwako, umwagilie wewe. Mimi sitakanyaga mlangoni kwako mpaka uniite. Ukiona uchawi, nitabeba gunia langu kichwani nirudi nalo Butere kwa miguu."

Zile wiki zilikuwa ndefu. Kocha alipita njia ya mbali kila aendapo dukani ili asionekane karibu na dirisha lile. Sisi wengine tulipita karibu makusudi. Mikebe yote miwili iliota. Baadaye mmoja ukaanza kukolea kijani na mwingine ukabaki umepauka, na watu wakaanza kupunguza mwendo wakifika pale, wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Siku aliyotuita, Mama Zamzam alitandika gazeti uani akamwaga mkebe wa kwanza. Mizizi mitupu. Akamwaga wa pili, akauchambua udongo kwa vidole vyenye hina, na vile vinundu vikajitokeza, vimejazana shingoni mwa mzizi. Hakumngoja Kocha. Alikipasua kimoja mwenyewe, akakisogeza karibu na macho, kisha akanisogezea mimi.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Ni kama damu."

Kocha alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Lile gunia," Mama Zamzam akamuuliza, "limebaki kiasi gani?"

Tuliumwaga udongo ule siku hiyohiyo, mstari kwa mstari. Mvua za vuli zilipoanza tukapanda miroo na kunde, na safari hii shamba lilikuja juu kama lililoitwa. Hapo ndipo Kocha alipoanza kugonga milango asubuhi. Alimgongea hata mlinzi wa stoo ng'ambo ya reli, mtu wa zamu ya usiku aliyekuwa ndiyo kwanza anajilaza, akamwonyesha mzizi. Mlinzi alipanda kunde nyuma ya kibanda chake.

Basi mtu angedhani vita vimekwisha. Kunde zikaanza kutoa maua, na Kocha akatuambia tuchukue majembe, tukate kila kitu na kukizika.

Mama Zamzam alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Zimeanza maua. Tungoje kidogo tu tule kunde."

"Tukingoja, chakula chote kinapanda kwenye punje, na punje tunaziondoa shambani," Kocha akasema. "Ardhi inabaki na kidogo. Tukizika sasa, inapata vyote."

"Ardhi ina watoto? Ardhi inaamka asubuhi inalia njaa?"

"Mama Zamzam, na mahindi je?"

"Mahindi ni ya mwaka ujao. Mimi nakuuliza ya mwezi huu."

Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya iwe ngumu. Bei ya unga ilikuwa imepanda tena. Nilisimama pale nikitazama majani yangu ya kunde, mapana, laini, na nilijua jinsi yangekaa kwenye sufuria. Mwishowe tukaafikiana kugawa. Kocha akavuta kamba kutoka mti wa taa hadi ua wa nyumba za mwisho: upande wa reli tunazika, upande wa nyumba tunangoja punje. Mistari yangu ilikuwa upande wa reli.

Tulichuma majani laini ya mwisho tukagawana. Kisha tukakata. Nilikata kunde zangu zikiwa na maua, nikazilaza kwenye mifereji na kuzifukia. Kocha alikuwa mistari ya mbele yangu, amepiga magoti yake mabovu juu ya gunia tupu, akifanya kazi na kuimba. Jioni Baba Nafula aliuliza ni kweli nimezika chakula. Nikamwambia ni kweli. Akaniomba nimwongezee mboga.

Na hapa Kocha alikosea. Mvua zilikuwa hazijakatika, ardhi ilikuwa na maji, na yeye hakujua kungoja. Siku chache tu baada ya kuzika akatupandisha mahindi. Yalichomoza yakanyauka. Mengine yaliozea chini. Tulipofukua tulikuta majani ya kunde bado yanachemka, joto linapanda mkononi, harufu kama ya chungu cha pombe. Upande wa pili wa kamba, akina mama walikuwa wakichuma maganda ya kunde na kutuangalia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Hata samadi mbichi haipandiwi," Mama Zamzam alimwambia Kocha. Hakumsimanga. Alikuwa amechuchumaa karibu naye, mkono ndani ya mfereji. "Iache ipoe. Iache ilale."

Kocha alitikisa kichwa kukubali. "Nimeingiza mchezaji kabla ya filimbi," akasema. "Kosa ni la kocha."

Tukaacha ilale mpaka masika. Kungoja kule kulimkondesha. Alikuwa akienda kufukua kila baada ya siku kadhaa, akichungulia kama mtu anayefunua sufuria ya wali. Tulipopanda mara ya pili udongo ulikuwa umebadilika. Ulivunjika mkononi. Jembe liliingia bila kulazimishwa.

Nataka kueleza jinsi mahindi yale yalivyokuwa, na bado naona maneno yananipungukia. Yalipofika urefu wa goti, mahali ambapo siku zote manjano huanza, hayakuanza. Yalipanda kijani kibichi kile kinachoelekea weusi. Mahali kamba ya Kocha ilipopita palionekana wazi kama pamekatwa kwa kisu. Upande wa nyumba mahindi yalikuwa mazuri kuliko ya miaka ya nyuma. Upande wa reli yalikuwa yamempita Kocha kimo. Abiria wa treni ya asubuhi walikuwa wakitoa vichwa madirishani. Watoto walipotea humo ndani wakicheza, na mama zao wakaita majina bila kuona mtu. Baba Nafula, ambaye hakuwahi kukanyaga shambani, siku moja nilimkuta amesimama kando na sare zake za kazi, ameshika jani moja kati ya vidole viwili, anaangalia tu. Nilirudi nyumbani kimyakimya nikiwa nacheka peke yangu.

Siku ya kuvunja mahindi mabichi ya kwanza hakuna aliyepika kitu kingine. Majiko yalitolewa nje mtaa mzima. Mama Zamzam alivua ndala zake, akatembea kati ya mistari yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, akishika magunzi moja moja bila kuyakata. Alipotoka upande wa pili akamwendea Kocha, aliyekuwa anakula viazi vyake vya kukaanga.

"Mwaka huu zika upande wangu," akamwambia. "Na usiniulize mara mbili. Nitabadilisha mawazo."

Alizika, na sisi upande wa reli tukavuna punje. Ikawa desturi, zamu kwa zamu, na kila aliyefika Kaloleni baada ya hapo alidhani mambo siku zote yalikuwa hivyo.

Kuhusu yeye mwenyewe Kocha hakusema sana. Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa habari za mvua. Alinunia watu kwa sababu ndogo na kuwasamehe bila kuwaarifu. Aliwahi kukaa bila kunisemesha kwa sababu nilichoma mabua badala ya kuyafukia, kisha akaja na kikapu cha njahi mbichi akaketi kuzimenya jikoni kwangu kana kwamba aliondoka jana.

Aliondoka Kaloleni baada ya zile mvua kubwa za El Niño, akaenda kukaa na binti wa dada yake huko mtaa wa Lucky Summer, magoti yalipomkataza kabisa kufua na kuchota maji peke yake. Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata, nikiwa nimebeba sukari na salamu za Mama Zamzam. Nilidhani nitamkuta kitandani. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, msusi amesimama nyuma yake akimsuka nywele, naye amevaa gauni jipya ambalo bado lilikuwa na alama za chaki ya fundi kwenye pindo.

"Kuna sherehe gani?" nikamuuliza.

"Naolewa."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kusikia habari za mwanamume.

"Na nani, Kocha?"

"Mzee mmoja wa kanisa letu la hapa. Mgane. Alikuwa akifanya kazi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, sasa anarudi kwao, upande wa Bungoma. Tunakwenda wote."

"Ni mtu wa namna gani?"

Macho yake yakawaka. Akaniinamia mpaka msusi akalalamika. "Mama Nafula, ana shamba ambalo limelimwa miwa tangu watoto wake hawajazaliwa. Nimekwenda nikaliona. Udongo mweupe kama majivu. Ukishika unakutoroka vidoleni. Hata magugu yamekataa kuota."

"Nimekuuliza habari za mzee."

Akajiweka sawa kigodani. Msusi naye akapunguza mkono, akitaka kusikia.

"Mzee pia amechoka," akasema. "Mke alikufa, watoto wakatawanyika, akawa mtu wa mkate na maji. Nilimwambia shamba lake linaweza kupona, lakini itachukua misimu, na mwanzoni tutakuwa tunazika badala ya kula. Watu wote nimewaambia hivyo, wote huanza kubishana, hata wewe ulibishana kwa macho. Yule aliniuliza tutaanza lini."

"Halafu?"

"Halafu nikaona haya," akasema Kocha, na kwa kweli aliinamisha uso. "Mtu mzima kama mimi. Nilirudi nyumbani nikasahau hata kufunga geti."

Nilimshika mkono. Tukacheka mpaka binti wa dada yake akatoka ndani kuangalia kuna nini. Kisha Kocha akajifuta macho kwa pindo la gauni jipya, akainua kichwa, akamwambia msusi aongeze kasi, mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya, na mvua haingoji harusi ya mtu.